Majibu ya mwanangu si ya foleni

Kijana wa maabara alichungulia dirishani akaita, "Mama wa yule mtoto wa sikoseli!" Benchi zima likanigeukia. Wifi yangu alikuwepo kwenye foleni. Kabla sijafika kwenye meza yangu ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, habari ilishanitangulia: eti nimeleta ugonjwa kwenye ukoo wao.

Mama mwenzangu, majibu ya SS, yaani mtoto ana sikoseli, hayamsemi mtoto peke yake. Mtoto hupata SS akirithi S moja, yaani kinasaba cha sikoseli, kwa mama na S nyingine kwa baba. Ukimtangaza yeye, umemtangaza na baba yake, na wadogo zake ambao hawajapimwa wameshaanza kunyooshewa vidole.

Kwa hiyo ukifika mapokezi, omba uitwe kwa namba ya kadi. Majibu usiyapokee dirishani. Sema taratibu, "Naomba daktari anisomee ndani," na mlango ufungwe. Siku hizi nasema hivyo bila kuona haya, na hakuna aliyenikatalia.

Karatasi ndizo zinazotuangusha. Niliwahi kununua karanga za mia mbili, nikafungua ile karatasi iliyosokotwa nikakuta fomu ya maabara: jina kamili, umri, mtaa, kipimo. Niliichana vipande vidogo palepale. Zako ziweke kwenye bahasha, ndani ya sanduku. Usizozihitaji zitie jikoni ziungue.

Picha ya majibu usiirushe kwenye grupu la familia, hata shangazi abembeleze vipi. Na simu kabla haijaenda kwa fundi, ifute picha hizo.

Wakiomba damu ya utafiti, usisaini kabla hujauliza: itapimwa nini, itatunzwa wapi, jina litaondolewa? Kukataa ni haki yako, na mtoto aendelee kutibiwa kama kawaida.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya, za vinasaba na za watoto kuwa nyeti. Zikivuja, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika siku hiyohiyo: saa ngapi, dirisha gani, maneno yapi.

Shuleni lakini usifiche kila kitu. Nilimvuta mwalimu wa darasa pembeni, chini ya mwembe: mtoto anywe maji mara kwa mara, asinyeshewe, na akilalamika maumivu au akipata homa nipigiwe hapohapo. Namba yangu aliiandika nyuma ya kitabu chake cha mahudhurio, bila kutaja ugonjwa.