Kuhama Chicago kwenda Lexington, Kentucky: anza na gari, nyumba baadaye

Kila shule za Chicago zinapokaribia kufungwa, watu huniuliza jambo lilelile: ni kweli Lexington nyumba ni nafuu? Ni kweli. Lakini anayehama kwa kufuata kodi ya nyumba peke yake hufika huku akakuta unafuu wote umemezwa na gari. Mitaa ya Chicago kama Rogers Park au Uptown mtu anaweza kulea familia miaka mingi bila kumiliki gari. Treni ya Red Line inapita usiku na mchana, duka liko kona hii, kliniki kona ile. Lexington haikujengwa hivyo. Kwa hiyo somo hili nimelipanga hivi: gari, kazi, nyumba, kisha makaratasi. Najua wengi huanza na nyumba. Nawaomba msome mpaka chini kabla ya kusaini mkataba wowote.

Kwa wasioufahamu mji: sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570, wakati Chicago ina zaidi ya milioni 2.7. Mji na kaunti ya Fayette vina serikali moja tangu 1974. Kutoka Chicago ni kama saa sita za kuendesha, I-65 mpaka Indianapolis, I-74 mpaka Cincinnati, halafu I-75 kusini. Saa za huku ziko mbele kwa saa moja, jambo dogo linalowachelewesha wengi kwenye usaili wa kazi. Waswahili tupo, hasa ndugu zetu wa Kongo, na mashuleni Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana baada ya Kiingereza na Kihispania. Hutakaa mpweke wa lugha.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya gari

Barabara kubwa za Lexington zimepewa majina ya miji zinakoelekea, kama sisi tunavyosema Morogoro Road na Bagamoyo Road. Kuna Nicholasville Road, Richmond Road, Harrodsburg Road, Georgetown Road, zote zinatoka katikati ya mji, na New Circle Road inazizunguka. Mabasi ya Lextran yanafuata mpango huohuo: mengi huanzia na kuishia kituo kikuu cha Vine Street. Ukikaa upande wa Tates Creek na kazi iko upande wa Leestown Road, utaingia kwanza mjini, ubadilishe basi, ndipo utoke tena. Nauli ni dola 1, na kwa mwanafunzi au anayefanya kazi mchana katikati ya mji basi linafaa. Mwenye zamu ya usiku asilitegemee.

Kaeni chini, mume na mke, mwandike: gari moja au mawili? Kama zamu zenu zinapishana, moja linaweza kutosha. Kama wote mnaingia asubuhi pande tofauti za mji, ni mawili, na bima mbili. Ulizia bei ya bima ya Kentucky kabla ya kuhama, kwa anwani ya huku, maana ile unayolipa Illinois haikuambii chochote. Kentucky sheria inaingiza kwenye bima ya kawaida malipo ya matibabu yako mwenyewe, kiwango cha msingi dola 10,000, na hilo linagusa bei. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Illinois halijui kabisa: Kentucky gari linalipiwa kodi ya mali kila mwaka, kulingana na thamani yake. Inadaiwa pamoja na kuhuisha usajili. Gari jipya, kodi kubwa. Ndiyo maana nawashauri mje na gari zima lisilo la fahari.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkishaandika petroli, bima, matengenezo na mkopo wa gari, linganisheni na tofauti ya kodi ya nyumba. Familia yenye magari mawili ya mkopo mara nyingi hukuta haijaokoa kitu.

Hatua ya 2: Kazi mkononi

Usije kwa maneno ya "njoo tu, kazi zipo". Zipo, lakini mwenye nyumba atataka kuona hati za mshahara au barua ya ajira, na wengi hutaka kipato mara tatu ya kodi ya nyumba. Bila hiyo utakaa kwa ndugu, na ndugu naye ana mkataba unaotaja idadi ya wakaazi.

Waajiri wakubwa ni Chuo Kikuu cha Kentucky na hospitali zake, maghala, na kiwanda cha Toyota kilichopo Georgetown, kaskazini ya mji, kinachounda magari tangu 1988. Georgetown iko nje ya kaunti, kwa hiyo tunarudi palepale: gari.

Sasa kodi ya mshahara. Watu wanaambiana kusini kodi ni ndogo. Tazameni wenyewe. Mtu anayelipwa dola 20 kwa saa, saa 40, anapata dola 800 kwa wiki. Illinois jimbo linakata asilimia 4.95, yaani dola 39.60. Kentucky kuanzia Januari 2026 jimbo linakata asilimia 3.5, dola 28. Hapo unafurahi. Lakini serikali ya Lexington nayo inakata asilimia 2.25 ya mshahara, na shule za kaunti asilimia 0.5 kwa mkaazi wa Fayette. Hiyo ni dola 22 nyingine. Jumla 50. Nimehesabu bila misamaha, ila sura ya jambo ndiyo hiyo. Unachopata upande wa pili ni dukani: kodi ya mauzo Kentucky ni asilimia 6 jimbo zima, na chakula cha kwenda kupika nyumbani hakitozwi.

Hatua ya 3: Njoo uone kwa macho

Wikiendi moja inatosha. Fika Ijumaa mapema, ufanye safari ya kwenda kazini kwa saa ileile utakayoingia kazini. Nicholasville Road saa kumi na moja jioni ni tofauti kabisa na ile utakayoiona Jumapili asubuhi. Pita kwenye nyumba unayoitaka usiku pia. Angalia kama kuna njia ya waenda kwa miguu, maana barabara nyingi za pembeni hazina, na mama mwenye kigari cha mtoto ataona tofauti siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Nyumba

Lexington na Louisville zimepitisha sheria ya jimbo inayomlinda mpangaji. Miji mingi ya Kentucky haijaipitisha, kwa hiyo ukihamia mji wa jirani kwa sababu kodi ya nyumba ni ndogo zaidi, ulizia kwanza. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba lazima aweke dhamana yako kwenye akaunti ya peke yake, na kabla ya kuipokea akupe orodha ya uharibifu uliopo. Hii orodha ndiyo pesa yako. Tembea nayo chumba kwa chumba: zulia lililoungua karibu na jiko, mlango wa kabati uliolegea, alama ya maji juu ya dari ya bafu. Kama haimo, iandike kabla ya kusaini, piga na picha. Siku ya kutoka ndipo utajua thamani yake.

Hatua ya 5: Mizigo

Mwisho wa mwezi na majira ya joto lori la kukodi huwa ghali. Katikati ya mwezi, siku ya kazi, ni nafuu. Ukichukua kampuni ya kuhamisha, dai namba yake ya USDOT, yaani ya usajili kwenye idara ya usafirishaji ya shirikisho, na makadirio kwa maandishi. Kama makadirio si ya bei iliyofungwa, sheria ya shirikisho hairuhusu wakudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio hayo siku ya kukabidhi mzigo. Wapo wanaoshikilia vyombo vya watu mpaka walipwe zaidi. Ukiijua sheria hii unaongea kwa sauti nyingine.

Vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, kadi za makazi, hati ya umiliki wa gari na karatasi za chanjo visiingie kwenye lori. Mfuko mmoja, mikononi mwako.

Hatua ya 6: Makaratasi ukishafika

Hapa kuna tarehe za kuheshimu. Asiye raia anatakiwa kuijulisha USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Kubadilisha anwani posta hakutoshi. Mwenye kesi mahakama ya uhamiaji ana fomu yake nyingine, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi, na asidhani kesi imehamia Kentucky kwa sababu yeye amehama. Kuihamisha ni ombi linaloamuliwa na jaji. Mpaka jaji akubali, tarehe ya Chicago ni tarehe yako.

Gari lisajiliwe ndani ya siku 15, leseni ibadilishwe ndani ya siku 30. Watu huchanganya ofisi hizi: gari ni kwa karani wa kaunti, na gari lililotoka jimbo jingine hukaguliwa kwanza na ofisi ya sherifu, leseni ni ofisi ya kanda ya idara ya usafirishaji ya jimbo. Jueni pia kwamba Illinois hutoa leseni kwa asiye na kibali cha kuishi, Kentucky haitoi. Kwa familia yenye mtu wa namna hiyo, hili liamuliwe kabla ya kuhama.

Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haihami nawe. Funga ya Illinois, omba upya huku kupitia kynect, tovuti ya jimbo. Jaza dawa za mwezi kabla ya kuondoka, hasa za sukari na presha. SNAP, msaada wa chakula, ni vivyo hivyo, ila salio lililobaki kwenye kadi ya Illinois linanunua chakula kwenye maduka ya Kentucky.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto watatu, West Ridge: Shikamoo dada. Chanjo za watoto wamemaliza Chicago. Shule zitawapokea bila kuchomwa tena?

Marahaba mdogo wangu. Nyingi zitakubalika, lakini zinatakiwa ziandikwe kwenye cheti cha Kentucky, na kliniki au idara ya afya hukuhamishia. Angalia moja kwa makini: homa ya ini aina ya A. Kentucky inadai dozi mbili tangu 2018, Illinois haiidai, na kati ya dozi hizo lazima ipite miezi sita. Ukiweza, dozi ya kwanza ichomwe Chicago sasa hivi. Kama mdogo anaanza shule kwa mara ya kwanza, atahitaji pia kupimwa macho na daktari wa macho, na meno. Shule hufunguliwa katikati ya Agosti, kliniki hujaa mwezi huo.

Mwanachama anayefanya kazi ya CNA, msaidizi wa muuguzi: Cheti changu cha Illinois kitafanya kazi?

Utaomba kuingizwa kwenye rejista ya Kentucky, ambako kazi hiyo inaitwa SRNA. Tafuta jina hilo kwenye matangazo ya kazi, la sivyo utadhani nafasi hazipo. Kwa wauguzi wenye leseni kamili: Kentucky imo kwenye mkataba wa majimbo ya leseni moja, Illinois haimo. Kwa hiyo leseni yako ya Illinois peke yake haikuruhusu kufanya kazi huku. Omba ya Kentucky kabla ya kuacha kazi.

Kaka wa Uptown: Kwa nini si Louisville? Nasikia kazi ni nyingi zaidi.

Kaka, kwa kijana asiye na familia huenda Louisville ndiyo bora. Ina watu zaidi ya 600,000, na kituo kikubwa cha ndege za mizigo cha UPS hufanya kazi usiku kucha. Kuna mpango wa Metropolitan College, ulioanza 1998, unaomlipia ada ya chuo mfanyakazi wa usiku wa UPS. Anayetaka kusoma bila deni aulizie huo. Mimi na watoto wadogo napenda Lexington, naona hadi shule na hadi kazi ni dakika chache. Kodi ya mshahara ya mji Louisville, pamoja na ya shule, ni asilimia 2.2 kwa mkaazi, na Lexington ni 2.75, kwa hiyo hapo hakuna tofauti kubwa.

Mwanachama, Rogers Park: Baba yangu ni mzee, amezoea kutembea barabara ya Devon kila asubuhi, anakutana na watu, ananunua magazeti yake. Atazoea?

Ndugu yangu, hili ndilo swali zito kuliko yote hapa. Mzee asiyeendesha gari anaweza kufungwa ndani ya apatimenti huku kuanzia asubuhi mpaka mrudi kutoka kazini. Nimeona wazee walionyong'onyea kwa sababu hiyo, si kwa ugonjwa. Kama mnakuja naye, nyumba ichaguliwe kwa ajili yake kwanza: iwe mahali anapoweza kwenda dukani kwa miguu, na kituo cha basi kisiwe ng'ambo ya barabara ya njia nne. Mkae karibu na familia ya Waswahili wenye mzee wa rika lake. Kama ana ulemavu unaomzuia kupanda basi la kawaida, Lextran ina huduma ya Wheels inayomfuata mlangoni, aombewe mapema. Na mkiona hakuna nyumba ya namna hiyo kwa bei yenu, kubaki Chicago ni uamuzi wa heshima.

Dada anayetaka kuja kuona nyumba: Nije mwezi gani?

Machi au Juni. Aprili na Oktoba kuna mbio za farasi Keeneland, hoteli hupanda bei sana, na Jumamosi za mpira wa chuo msimu wa vuli ni hivyohivyo. Ukija Machi, ulizia kila apatimenti wapangaji hujificha wapi king'ora cha tonado kikilia. Ghorofa ya juu kabisa ina mwanga mzuri, lakini mtashuka usiku na watoto.