Sukari na magoti yenye kuuma: namna ya kutumia dawa bila kujiumiza

Kama uko na sukari na magoti nayo inakusumbua, zaidi weye mwenye kupanda na kushuka milima ya Bukavu kila siku na mzigo ku kichwa, hii ni yako. Batu banauliza sana kama ni kweli metformini, komprime ya sukari, inaponyesha magoti, na bengine bameshaanza kujinunulia mu farmasi bila ordonansi.

Jibu ni kwamba inaweza kusaidia maumivu, si kuponyesha. Mwaka 2025 batafiti ba Monash University kule Australia balitoa matokeo ya batu 107 benye uzito mingi na artrozi ya magoti (kiungo chenye kuchakaa na kuuma), hawakukuwa na sukari, bamoja balipewa metformini mpaka miligramu 2000 kwa siku, bengine komprime isiyokuwa na dawa ndani. Kisha miezi 6, kwa kipimo cha 0 mpaka 100, maumivu ya ba metformini ilishuka kwa 31 na ya bale bengine kwa 19. Utafiti ni mudogo, na uone vizuri: hata basiopewa dawa balipata nafuu.

Iko na semaglitidi pia, sindano ya sukari na ya kupunguza uzito, mara moja kwa juma. Mu utafiti wa 2024, batu 407 benye unene na artrozi, majuma 68, maumivu ya benye kupewa semaglitidi ilishuka kwa 42 hivi ku 100, ya benye sindano isiyokuwa na dawa 27 hivi. Lakini bale ba sindano balipunguka uzito karibu 14 kwa mia, na miye naona hapo njo kuna kazi kubwa, juu kila kilo 1 unayopunguza, goti inapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Bei yake ni kali sana kwetu. Na ukiona mutu anaiuza inje, ku jua, usiiguse, ile dawa inatunzwa mu frigo.

Sasa fanya hivi. Kusanya dawa yote ya nyumba mu sashe moja: ya sukari, ya tension, ya maumivu, hata zile plaketi zimekatwa nusu hazina jina tena, pelekea dokta aone yote pamoja. Hii naisisitiza sana, juu hapa njo batu banaumia. Dawa ya maumivu kama dikilofenaki na ibuprofeni ikinywewa kila siku inaweza kuharibu figo, zaidi kwa mwenye dawa ya tension na ya kukojoza, na metformini inatoka mwilini kupitia figo, basi figo ikichoka dawa inabaki mu damu na inakuwa hatari. Omba bapime kreatinini, kipimo cha damu chenye kuonyesha kazi ya figo, mbele ya kuanza, na kisha mara kwa mara. Kuna tena deksametazoni, dawa ya aina ya kortizoni, inauzwa kama "dawa ya magoti", mama anaimeza magaribi, asubui anashuka kutoka soko ya Kadutu bila kushika ukuta, anafurahi, kumbe sukari inapanda mu damu na hakuna mwenye kupima. Sindano ya kortizoni mu goti nayo inapandisha sukari siku kadhaa. Haikatazwi, ila umwambie dokta mapema uko na sukari na upime glisemi (sukari mu damu) kila siku mpaka itulie.

Kama dokta amekubali metformini, kawaida inaanza na komprime ya miligramu 500 pamoja na chakula, inapanda pole pole. Tumbo inaweza kuharisha majuma ya kwanza. Ukiinywa miaka mingi na miguu inaanza kufa ganzi uliza juu ya vitamini B12, juu inaweza kuipunguza. Insulini na glibenklamidi, dawa zingine za sukari, zenyewe zinaweza kuongeza kilo, lakini usiache kwa kichwa chako, zungumuza kwanza.

Ili ujue kama dawa inasaidia magoti, chagua mutelemuko moja, ile ile, na kila siku ya posho andika maumivu kutoka 0 mpaka 10. Unajua kwa miezi, si kwa siku 2.

Mazoezi usiache: kaa ku kiti, simama bila kushika na mikono, kaa tena, mara 10, ukichoka pumuzika. Misuli ya paja ikipata nguvu goti inabebeka. Ku sahani, bugali ipunguke, sombe na lengalenga zijaze nusu, mafuta ya ngazi kidogo.

Na goti ikivimba gafula, ikawa moto na uko na homa, hiyo si artrozi ya kila siku. Mwenye sukari anashikwa na mikrobe haraka. Usikandwe, usichanjwe, nenda hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.