Kamba ni ya damu, si ya nyoka

Hapa kijijini, wilaya ya Tunduru, wananiita Afande Daktari. Uafande niliuacha zamani, na udaktari wenyewe ni wa zahanati. Mimi ni tabibu. Lakini jina limeshanata.

Mwaka 1979, kwenye vita vya Kagera, nilikuwa mbeba machela, kijana wa miaka 21, tukielekea Masaka kwenye matope. Kazi yangu ilikuwa kufunga na kubeba. Leo kazi ni ileile, ila badala ya risasi ni mapanga na nyoka. Na kila msimu wa kupalilia mikorosho naliona kosa lilelile: watu wanafunga mguu ulioumwa na nyoka, halafu unaomwaga damu wanauacha wazi.

Tuanze na damu. Mtu kajikata mguu kwa shoka. Usikimbilie majivu, sukari wala mafuta ya taa. Hayo nitakuja kuyaosha mimi huku yeye analia. Kunja kanga safi, igandamize juu ya jeraha kwa uzito wako wote, mikono imenyooka. Hesabu dakika 10 kwenye simu, na usifunue. Wengi wanachungulia kila mara kama wanaopika wali, na kila wakifunua wanabandua donge lililokuwa linaziba. Ikilowa, ongeza nguo nyingine juu, ya kwanza usiitoe.

Damu ikiruka kwa mapigo, au ikikataa kukoma, hapo ndipo pa kufunga. Kamba ya katani inakata nyama. Tafuta kitambaa, kikunje kiwe na upana wa vidole vitatu, kikae vidole vinne juu ya jeraha, kisiwe kwenye goti wala kiwiko. Piga fundo, weka kijiti kigumu, piga fundo la pili juu yake, kizungushe mpaka damu ikome. Atapiga kelele. Ujanani nililegeza mara moja kwa huruma, damu ikarudi yote. Kifunge kijiti kisizunguke, andika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu, muondoke. Baada ya muda wa saa mbili hivi nyama inaanza kuharibika, ila kulegeza ni kazi yangu, si yenu.

Nyoka ni kinyume. Kifutu akiuma unyayoni, mguu unavimba na sumu inaozesha nyama palepale. Ukifunga, unaizidishia kazi. Niliwahi kuletewa mkulima aliyefungwa mpira wa baiskeli chini ya goti tangu jioni. Alifika asubuhi, mguu mweusi. Ulikatwa.

Kwa hiyo usifunge, usichanje, usinyonye, na jiwe jeusi libaki sokoni. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda. Mlaze, weka fimbo ndefu kandokando ya mguu kama wa aliyevunjika, ifungie kwa kitambaa kisichobana. Asitembee hata hatua moja. Nyoka msimlete, kichwa chake hata akifa kinaweza kuuma. Mimi nina chupa ndogo ya kioo: natia damu, naiacha dakika 20 bila kuitikisa. Isipoganda, gari la wilayani halingoji kukuche.

Kwenye bodaboda mgonjwa akae katikati, nyuma yake mtu mwenye nguvu amkumbatie. Masika njia ikikatika, tengenezeni machela: miti miwili imara, ipitisheni ndani ya magunia mawili yaliyotobolewa pembe. Wabebaji wawili wasitembee kwa hatua moja kama gwaride. Wa mbele akianza na mguu wa kushoto, wa nyuma aanze na wa kulia, la sivyo mgonjwa atayumba kama yuko mtumbwini. Sajini wangu alinifundisha hilo kwa matusi. Mimi nawafundisha bure.

Mkifika usiku, gongeni dirisha la upande wa mwembe, na mgonge kwa nguvu. Sikio la kushoto nililiacha kulekule vitani.