Kupima msawazo wa Hardy-Weinberg kwa kalamu na karatasi

Programu itakupa jibu kwa sekunde, lakini ifanye hesabu hii kwa mkono walau mara moja, ndipo utajua jibu hilo linasema nini. Mwaka 1908, Hardy wa Uingereza na Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba katika jamii kubwa inayozaliana bila kuchaguana, isiyo na uteuzi asilia, uhamaji wala mabadiliko mapya ya jeni, uwiano wa aleli, yaani matoleo tofauti ya jeni moja, haubadiliki kizazi hadi kizazi, na kutokana nao unaweza kukadiria idadi ya kila kundi; huo ndio msawazo. Aleli haienei eti kwa sababu ni tawala, yaani nakala moja tu yatosha kuonyesha sifa yake.

Hatua ya 1. Hesabu watu kwa jenotipu, yaani jozi ya aleli aliyo nayo kila mtu; hapa A ni aleli ya kawaida na S ya selimundu. Tuseme umepima hemoglobini ya watu wazima 1,000: AA 801, AS 198, na SS, yaani wenye selimundu, 1.

Hatua ya 2. Sasa hesabu aleli. Kila mtu anazo mbili, jumla 2,000. A ni 1,602 + 198 = 1,800, hivyo uwiano wake, p = 0.9. S ni 200, hivyo uwiano wake, q = 0.1.

Hatua ya 3. Zidisha p² (AA), 2pq (AS) na q² (SS) kwa 1,000. Unatarajia 810, 180 na 10.

Hatua ya 4. Sasa fanya jaribio la khi-mraba: kwa kila kundi tafuta tofauti kati ya idadi uliyohesabu na iliyotarajiwa, ipandishe kipeo cha pili, gawanya kwa idadi iliyotarajiwa, kisha jumlisha: 0.1 + 1.8 + 8.1 = 10. Kikomo cha kawaida (asilimia 5) ni 3.84, kwa digrii moja ya uhuru, yaani idadi ya tofauti zinazoweza kubadilika zenyewe; 10 imekizidi, hivyo jamii hii haimo kwenye msawazo. Wengi huweka mbili kwa kuwa makundi ni matatu. Si sahihi: p umeikadiria kutoka data hiyohiyo, nayo imekula digrii moja.

Hatua ya 5. Hapa ndipo penye kazi. Angalia 10 imetoka wapi: 8.1 kati yake ni SS waliokosekana. Bila matibabu, wengi wao hufa wangali watoto, ilhali AS wana kinga dhidi ya malaria kali. Lakini ukipima watoto wachanga wa jamii hiyohiyo, huenda usione tofauti yoyote, maana kizazi kimoja cha kuzaliana bila kuchaguana chatosha kurudisha msawazo. Kwa hiyo andika umri kwenye kila sampuli.

Na ukikuta AS wamepungua badala ya kuzidi, usikimbilie uteuzi asilia. Uliza kwanza kama umechanganya jamii mbili zisizooana, kama ndugu wanaoana, au kama maabara imesoma AS kuwa AA.