Neno *nebo la Kislavoni-mame: asili yake na unyambuaji wake

Somo hili linahusu *nebo, "mbingu", katika lugha mame ya Kislavoni, ambayo haikuandikwa kamwe. Nyota iliyo mbele ya neno humwonya msomaji kwamba umbo hilo limekokotolewa, halikukutwa katika maandishi.

Hatua ya kwanza ni kukusanya maumbo ya lugha binti. Kirusi kina nebo, Kipolandi niebo, Kicheki nebe. Usikate shina hapo, kwa maana umoja peke yake utakudanganya kwamba shina ni neb-. Tazama wingi: Kirusi na Kicheki nebesa, Kipolandi niebiosa.

Hatua ya pili, fungua Kislavoni cha Kale cha Kanisa, lugha ya tafsiri zilizoanzishwa na ndugu Sirili na Methodi katika karne ya 9. Humo "ya mbingu" ni nebese, wingi ni nebesa, na Sala ya Bwana ina na nebesěxъ, "mbinguni". Shina basi ni nebes-.

Hatua ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Tazama lugha za kale zilizo jamaa za mbali za Kislavoni: Kisanskriti kina nabhas, Kigiriki nephos, "wingu", na Kihiti nepis, "mbingu". Kwa hiyo umbo la kale zaidi ni *nebhos. Sauti bh ikawa b. Kislavoni kiliangusha konsonanti za mwisho wa neno, ndiyo maana s ilipotea katika *nebo, lakini katika *nebese ilikuwa imekingwa na irabu pande zote mbili, ikabaki. Maana nayo ilihama kutoka wingu hadi mbingu, jambo ambalo sisi tulio na wingu, uwingu na mbingu hatuna haja ya kulistaajabia.

Swali: Mbona Mrusi wa leo akitaka kusema "ya mbingu" husema neba, si nebese?
Jibu: Maneno ya aina ya selo, "kijiji", ambalo umilikishi wake (umbo la "ya kijiji") ni sela, yalikuwa mengi mno, yakayavuta machache ya aina ya nebo upande wao. Wingi nebesa ulisalia kwa nguvu ya lugha ya kanisa.

Swali: Je, kundi hili la maneno yenye shina la -es- lina maneno mengine?
Jibu: Yapo, kama *slovo, "neno", na *kolo, "gurudumu", ambayo umilikishi wake ni *slovese na *kolese. Kirusi kililichukua shina la hili la pili na kulitia hata katika umoja, kikapata koleso, ilhali Kislovenia hutamka hadi leo kolo, umilikishi kolesa.