Jinsi ya Kupima Vizuizi vya Hemopeksini Bila Kudanganywa na Hemini

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu aliyeamini kwamba amepata vizuizi kadhaa vya hemopeksini, yaani kemikali zinazoizuia protini hiyo ya damu isishike hemu (molekuli yenye chuma inayoipa damu rangi nyekundu), kumbe kemikali zake zote zilikuwa zikiikamata hemini, aina ya hemu inayotumika katika kipimo, kabla haijaifikia protini.

Hatua ya 1: Protini. Hemopeksini, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 60, hubeba molekuli moja ya hemu kwa kukishika chuma chake kwa histidini mbili. Epuka protini iliyotengenezwa maabara na kuongezewa mkia wa histidini ili iwe rahisi kuisafisha, kwani mkia huo nao hushika hemu, na imidazoli, kemikali inayotumika kuisafisha, ikisalia hukigombea chuma hichohicho. Mimi hutumia iliyotolewa kwenye plasma, yaani majimaji ya damu.

Hatua ya 2: Hemini. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Iyeyushe katika sodiamu haidroksaidi ya mola 0.1, izungushe kwenye sentrifuji ili chembe zisizoyeyuka zitue, kisha pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 385 na ukokotoe ukolezi kwa kugawa ufyonzaji huo kwa 58,400 (kwa mola, kwa sentimita). Usitegemee mizani, kwa sababu sehemu ya unga uliopima hubaki chini ya kichupa bila wewe kujua. Andaa myeyusho mpya kila siku na uufunike usipigwe na mwanga. Usiiache hemini ikisubiri katika bafa (myeyusho unaotunza pH) isiyo asidi wala besi, kwa maana humo molekuli zake hugandamana zenyewe kwa zenyewe na kunata kwenye kuta za plastiki, nawe utadhani kwamba protini imekataa kuishika. Ujazo unaoongeza usizidi sehemu moja ya mia, la sivyo pH itapanda.

Hatua ya 3: Changanya protini mikromola 5 na kemikali yako, halafu malizia kwa hemini mikromola 4.

Hatua ya 4: Soma wigo wote, yaani ufyonzaji wa mwanga kwenye kila urefu wa wimbi, kuanzia nanomita 350 hadi 700. Hemini iliyoshikwa hutoa kilele karibu na 414. Wanaosoma namba moja tu kwenye 414 siwaelewi, kwa kuwa kemikali yenye rangi huwapotosha mara moja.

Hatua ya 5: Rudia bila protini. Wigo wa hemini ukibadilika, kemikali yako inashika hemini, kama ifanyavyo klorokwini, ambayo huua kimelea cha malaria kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 6: Hesabu. Kwa vipimo hivyo, hata kizuizi kamili, ambacho molekuli yake moja huziba protini moja, lazima kizibe nafasi za mikromola 3 kati ya 5 ndipo hemini iliyoshikwa ishuke kutoka 4 hadi 2. Ukipata nusu ya uzuiaji kwenye mikromola 0.1, usifurahi bado. Kiasi hicho hakitoshi kuziba nafasi za mikromola 3, kwa hiyo kagua upya vipimo vyako.