Kuunda kwa pamoja modeli ya ndege ya zamani ya plastiki, na jinsi ya kuziokoa stika zilizozeeka

Mwezi uliopita niliitwa Mikindani na vijana wanne waliokuwa wamepata seti ya zamani ya ndege ya plastiki. Walikuwa wameunganisha mabawa na kiwiliwili kwa ustadi, lakini walipofika kwenye stika, yaani alama nyembamba ambazo hulowekwa majini kabla ya kubandikwa, kazi ikakwama, kwa kuwa stika ya kwanza waliyoitia majini ilivunjika vipande vipande mbele ya macho yao. Nilikaa nao Jumamosi mbili hadi tukaimaliza, na niliporudi Lindi niliona ni vyema niandike utaratibu wote tunaoufuata katika kikundi chetu cha watu watano, ambacho hukutana barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu baada ya swala ya alasiri.

Hatua ya kwanza: kuchagua ndege

Chagueni ndege inayohusiana na mahali penu, kwa sababu kazi ya miezi mitatu huhitaji kitu kitakachowarudisha mezani kila wiki. Sisi tulichagua Short Sunderland ya kampuni ya modeli ya Airfix, seti iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Sunderland ni ndugu wa karibu wa ndege za aina ya Empire zilizokuwa zikitua majini, ambazo shirika la Imperial Airways lilizitumia kuanzia mwaka 1937 katika safari za kutoka Uingereza hadi Durban, na ghuba yetu ya Lindi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, baada ya Dar es Salaam na kabla ya kuingia Msumbiji. Ndege zote mbili zilitoka katika kiwanda cha Short Brothers, zote zina injini nne kwenye bawa lililokaa juu, na tumbo la zote mbili limechongwa kama la chombo cha baharini. Mzee anayepita barazani akiambiwa kwamba ndege za ukoo huu zilikuwa zikishuka pale majini, huvuta kiti akakaa.

Kuhusu ukubwa, msimamo wangu ni skeli ya 1/72, yaani sentimita moja ya modeli husimama badala ya sentimita 72 za ndege halisi. Sunderland ilikuwa na mita 34.4 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, hivyo modeli yake hukaribia sentimita 48, na watu watano wanaweza kuizunguka bila kugongana viwiko. Ndege ndogo kama Spitfire, ambayo kwa skeli hiyohiyo haifiki sentimita 16, ni nzuri kwa mtu mmoja lakini haifai kikundi, kwa sababu mmoja atafanya kazi na wanne watatazama.

Hatua ya pili: kuhesabu na kuosha

Hesabuni vipande vyote kwa kufuata karatasi ya maelekezo kabla ya kukata chochote, kisha visafisheni vikiwa bado kwenye fremu zake, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishika, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, na mviache vikauke kivulini. Msitumie petroli wala thina ya rangi za magari, kwa kuwa zote mbili huila plastiki ya aina hii.

Hatua ya tatu: kugawana kazi

Vikundi vingi hugawana vipande, mmoja akichukua fremu hii na mwingine ile, na matokeo yake ni injini nne zenye sura nne tofauti. Gawaneni sehemu kamili: mtu mmoja aunde injini zote nne pamoja na pangaboi zake, mwingine achukue mkia, wawili washughulikie kiwiliwili na vioo vyake, na wa tano mabawa. Kila mtu awe na kisahani chake chenye ukingo, kwa kuwa kipande kidogo kikidondoka kwenye mkeka huwa hakipatikani tena. Yupo pia mtu mmoja anayepaswa kushika karatasi ya maelekezo na penseli, akiweka alama kwenye kila hatua iliyokamilika, na kwetu kazi hiyo anaifanya binti wa kidato cha tatu ambaye hajawahi kuruhusu hatua irukwe.

Hatua ya nne: kuunganisha

Gundi inayofaa ni ile nyepesi kama maji, inayouzwa kwenye chupa yenye brashi ndogo kifunikoni. Gundi hiyo huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikashikana na kuwa kitu kimoja, hivyo mnapaswa kwanza kukutanisha vipande vikiwa vikavu, kuvibana kwa vibanio vya nguo au rababendi, kisha kugusa ncha ya brashi kwenye mstari wa muungano na kuiacha gundi itambae yenyewe ndani. Gundi nzito ya kwenye tyubu siipendi hata kidogo, kwa sababu hutoka pembeni na kuharibu sura ya nje. Fanyeni kazi hii mahali penye upepo. Baraza ni bora kuliko chumbani, maana mvuke wake si wa kuvuta.

Supagluu iacheni kwa vipande vya chuma tu, na msiikaribishe kabisa kwenye vioo, kwa kuwa mvuke wake huacha utusitusi mweupe usiofutika. Vioo vya Sunderland ni vingi, na vyote tulivibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka ikawa angavu na, ikimwagika, hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Wale watakaochagua ndege yenye gurudumu la mbele, kwa mfano Fokker F27 ambayo East African Airways iliirusha katika anga zetu, wakumbuke kuweka uzito puani kabla ya kufunga kiwiliwili, la sivyo modeli itakaa mkia chini. Chubwi za wavuvi zinafaa sana kwa kazi hii na hupatikana kwa bei ndogo sokoni, ila msizishikize kwa gundi nyeupe ya mbao: gundi hiyo hutoa asidi kidogo inayoila risasi, na risasi iliyoliwa huvimba polepole ndani hadi ikapasua kiwiliwili miezi au miaka baadaye. Hapo ndipo supagluu inapopata kazi yake. Mkishamaliza kushika chubwi, nawaeni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Hatua ya tano: puti na msasa

Jazeni nyufa kwa puti kidogo, subirini siku nzima, kisha sugueni kwa msasa wa maji namba 400, mkaendelea na 800 na kumalizia 1200. Katika kikundi chetu yupo mchonga vinyago vya mpingo aliyetoka Newala, na sijaona mkono unaoujua msasa kama wake. Yeye hufumba macho na kupitisha ukucha juu ya muungano, na akisema bado, basi bado. Kiwiliwili cha seti hii kimejaa vichwa vya ribiti vilivyoinuka, na wapo wanaovifuta vyote kwa madai kwamba ni vikubwa kupita kiasi. Mimi naviacha, kwa sababu seti ya mwaka 1959 inapaswa kuonekana ya mwaka 1959. Pale msasa ulipolazimika kupita, basi vimepotea na tumekubali.

Hatua ya sita: rangi

Tumieni rangi ya mafuta ya vikopo vidogo, iliyolainishwa kwa tapentaini, na brashi pana laini, tabaka mbili au tatu nyembamba badala ya moja nzito. Ubavu wetu ni mweupe na mgongo wa kijivu, kama zilivyokuwa Sunderland nyingi za doria ya baharini katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili. Kila rangi ipakwe na mkono mmoja. Msipake vanishi ya kopo la kupuliza jioni yenye unyevu au mara tu baada ya mvua, kwani huganda na ukungu mweupe. Majira ya kusi, asubuhi jua likishapanda, ndio wakati mzuri katika pwani hii.

Hatua ya saba: stika za maji

Hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo nilipoteza karibu saa sita za usiku mmoja, pamoja na alama ambazo sikuweza kuzipata tena. Katika modeli yangu ya kwanza ya zamani nilikata alama zote za duara za mabawa na kuzitumbukiza pamoja kwenye bakuli. Kwa kuwa utando uliozibeba ulikuwa umekauka kwa miaka mingi, zote zilipasuka kama ganda la yai, na nikabaki nikikusanya vipande kwa ncha ya sindano chini ya taa, nikivipanga kimoja baada ya kingine juu ya bawa. Duara mbili niliziokoa, namba za mkiani zilipotea moja kwa moja.

Stika ya maji ina sehemu nne: karatasi, gundi inayoyeyuka majini, utando mwembamba, na wino. Umri huishambulia kwa njia tatu: utando hugeuka manjano, utando hukauka ukapasuka, na gundi hufa. Kila shambulio lina dawa yake, lakini dawa hizo lazima zifuatane kwa mpangilio nitakaoueleza, kwa kuwa ukiugeuza unaharibu.

Anzeni na umanjano. Kama utando umegeuka rangi, tieni karatasi nzima kwenye mfuko angavu wa plastiki uliofungwa vizuri, ibandikeni kwenye kioo cha dirisha upande wenye picha ukitazama jua, na muiache siku kadhaa. Mwangaza huupunguza umanjano, lakini pia hula wino, hasa mwekundu, hivyo iangalieni kila jioni na muitoe mara tu weupe utakapotosheka. Mfuko ni wa lazima huku kwetu, kwa sababu unyevu wa bahari ukiingia unaweza kuilainisha gundi na karatasi ikanata palipo na joto.

Baada ya hapo fanyeni jaribio, na hili msiliruke hata kama stika zinaonekana mpya. Kateni alama moja msiyoihitaji, kwa kawaida karatasi huwa na alama za ndege mbili na nyinyi mnaunda moja tu, na muitie kwenye maji ya uvuguvugu. Ikiteleza nzima, endeleeni bila wasiwasi. Ikipasuka, acheni kila kitu, kausheni karatasi, na muipake yote vanishi angavu kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, mkisubiri kila moja ikauke, kisha muiache usiku kucha. Vanishi hiyo ndiyo utando mpya. Vijana wa Mikindani waliipaka tabaka moja nzito kwa haraka na wino ukakunjamana pembeni, kwa hiyo nasisitiza wembamba.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba, mkishapaka vanishi, karatasi yote imekuwa utando mmoja. Zamani kila alama ilikuwa na ukingo wake na ingeachana na jirani yake yenyewe. Sasa lazima kila moja ikatwe kwa wembe mpya, karibu kabisa na wino, la sivyo kila duara itaonekana imekaa juu ya kipande cha nailoni. Kwa herufi ndogo acheni nafasi ndogo kuzizunguka, mkate kwa mstari ulionyooka.

Sehemu ya modeli itakayopokea stika lazima iwe inang'aa. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo vinavyoshika hewa chini ya utando, na hewa hiyo huonekana kama madoa ya fedha ambayo hayaondoki. Pakeni vanishi inayong'aa kwanza, hata kama mwishoni mnataka modeli ising'ae.

Kisha tieni alama moja tu majini kwa sekunde kumi hivi, itoeni kwa kibano, na muilaze juu ya kitambaa kwa dakika moja ili maji yaifikie gundi yote bila kuiosha. Msiiache ielee. Lowesheni mahali pake kwenye bawa, telezesheni alama kwa brashi yenye maji, isogezeni hadi ikae sawa, kisha nyonyeni maji kwa pamba kuanzia katikati kuelekea pembeni. Gundi ikiwa imekufa na alama haishiki, inyanyueni kwa maji na muweke chini yake tone la gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa sana. Juu ya ribiti, siki nyeupe iliyopakwa kidogo huulainisha utando ukafuata umbo. Utando ukikunjamana kwa muda msiuguse, na povu lililobaki litobolewe kwa sindano na kupakwa siki tena.

Kazi hii ifanywe na watu wawili kwa kila alama, mmoja akishika brashi na wa pili akitazama kutoka mbele ya pua ya ndege ili aseme kama imepinda, kwa maana aliyeinama juu ya bawa haoni mshazari. Sisi huweka alama nne kwa Jumamosi moja, hatuzidishi. Zote zikishakauka kwa siku mbili, pitisheni kitambaa chenye maji kuondoa mabaki ya gundi na siki, kisha pakeni vanishi ya mwisho juu ya modeli yote, isipokuwa vioo, ambavyo vifunikwe kwa tepu ya karatasi hadi vanishi itakapokauka kabisa.